Machi 25 Visiwani Ugiriki: Sikukuu Moja, Uhuru wa Tarehe Nyingi

Kila mwaka tarehe 25 Machi, bandari ya Symi, kisiwa kidogo cha Ugiriki kilicho kilomita chache tu kutoka pwani ya Uturuki, hupambwa kwa bendera za buluu na nyeupe. Watoto wa shule huvaa sare au mavazi ya wapiganaji wa zamani, na wakazi hukusanyika kanisani, kisha mbele ya mnara wa mashujaa, kuadhimisha vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821. Hakuna la kushangaza katika hayo mpaka mtu aifungue historia ya kisiwa chenyewe. Vita vile vilipokwisha na dola mpya ya Ugiriki ikatambuliwa mwaka 1830, Symi hakikuwamo ndani ya mipaka yake. Kilibaki chini ya Milki ya Osmani hadi 1912, kikachukuliwa na Italia, kikapita mikononi mwa Wajerumani na kisha Waingereza, na hakikukabidhiwa kwa Ugiriki hadi mwaka 1947. Basi watu hao, wanapoimba na kuandamana mwezi Machi, wanaadhimisha uhuru wa nani?

Jibu linaloelekea kukubaliana na historia ni kwamba Machi 25 haiadhimishi siku ya kupata uhuru, bali siku ya kuanza kuudai. Sikukuu ya mwanzo inaweza kuwa ya watu wote, hata wale ambao mwisho wao ulichelewa kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo maana visiwa vingi vya Ugiriki vina sikukuu ya taifa wanayoshirikiana na wenzao wote, halafu vina tarehe yao wenyewe, ambayo mgeni kutoka Athens huenda asiijue. Ili kuelewa jinsi tarehe hizo zinavyokaa pamoja, inabidi kufungua mafundo kadhaa, na fundo la kwanza ni tarehe ya Machi 25 yenyewe.

Siku hiyo ya mwaka 1821 haikuwa siku ya kwanza ya mapinduzi. Alexandros Ypsilantis, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Urusi na kiongozi wa Filiki Eteria, chama cha siri kilichoundwa Odessa mwaka 1814, alivuka mto Prut na kuingia Moldavia mwezi Februari kwa kalenda ya wakati ule, na jeshi lake likavunjwa miezi michache baadaye. Katika rasi ya Peloponnese mapigano yalikwisha kuanza katikati ya Machi, na mji wa Kalamata ulitekwa tarehe 23. Kila mtoto wa Kigiriki husimuliwa jinsi Askofu Germanos wa Patras alivyoinua bendera katika monasteri ya Agia Lavra tarehe 25 na kuwaapisha wapiganaji, lakini wanahistoria wengi hawakubali kwamba tukio hilo lilitokea siku hiyo kama linavyosimuliwa. Mchoro wa Theodoros Vryzakis wa mwaka 1865, unaomwonyesha askofu akibariki bendera katikati ya watu wenye silaha, umefanya kazi kubwa kuliko hati yoyote katika kuliweka tukio hilo kwenye fikra za taifa.

Tarehe hiyo ilichaguliwa. Amri ya Mfalme Otto ya mwaka 1838 ndiyo iliyoifanya Machi 25 kuwa sikukuu ya taifa, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba siku hiyo tayari ilikuwa tukufu kwa kanisa. Ni sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, siku ambayo malaika Gabrieli alimletea ujumbe kwamba atamzaa Mwokozi. Ishara yake ni rahisi kuisoma: kama vile wokovu wa ulimwengu ulivyotangazwa siku hiyo kabla haujaonekana, ndivyo na uhuru wa taifa ulivyotangazwa kabla haujapatikana. Mtu anaweza kuiona hatua hiyo kama ujanja wa serikali changa, iliyoongozwa na mfalme Mjerumani na Mkatoliki, ya kujiegemeza kwenye imani ya Waorthodoksi inaowatawala. Na huenda ilikuwa hivyo. Lakini ujanja huo ulifanikiwa kiasi kwamba leo ni vigumu kumkuta mwanakijiji anayeweza kutenganisha sikukuu hizo mbili, na padri na meya husimama pamoja mbele ya watu bila mtu kuuliza ni nani aliyemwalika mwenzake.

Kulikuwa na wakati mfupi ambapo zilikaribia kutengana. Ugiriki ilitumia kalenda ya Juliasi hadi mwaka 1923, wakati serikali ilipohamia kalenda ya Gregori kwa kuruka siku 13: tarehe 15 Februari ilifuatwa moja kwa moja na tarehe 1 Machi. Kanisa halikufuata mara moja, na kwa muda kukawa na Machi 25 ya serikali na Machi 25 ya kanisa. Mwaka uliofuata Kanisa la Ugiriki lilikubali kurekebisha sikukuu zake zenye tarehe maalumu, na marekebisho hayo yalianza tarehe 23 Machi 1924, siku mbili tu kabla ya sikukuu yenyewe, ambayo mwaka ule ilipata mzigo mwingine kwa kuwa ndiyo siku Ugiriki ilipotangazwa kuwa jamhuri. Hesabu ya Pasaka iliachwa kama ilivyokuwa kwa kalenda ya zamani, na matokeo yake ni kwamba Machi 25 sasa huangukia ndani ya Kwaresima kila mwaka bila kukosa.

Hilo la Kwaresima ndilo linaloeleza chakula cha siku hiyo. Mwortodoksi anayefunga hali nyama, maziwa, mayai wala samaki mwenye mifupa kwa majuma yote yanayotangulia Pasaka, ingawa pweza, ngisi na kombe huruhusiwa. Kanisa hulegeza mfungo kwa samaki katika siku mbili tu za kipindi hicho, Jumapili ya Matawi na sikukuu ya Kupashwa Habari. Kwa hiyo katika nchi nzima watu hula samaki mkavu wa chumvi kutoka bahari za kaskazini, aliyerowekwa kwa muda mrefu, akakatwa vipande na kukaangwa ndani ya kinyunya cha unga, pamoja na rojo zito la kitunguu saumu kilichopondwa na viazi au mkate. Samaki huyo alienea kwa sababu alikuwa wa bei nafuu na hakuoza njiani, jambo lililowafaa sana watu wa milimani, mbali na pwani. Mtu wa kisiwani, mwenye bahari mlangoni, hana sababu yoyote ya kumnunua samaki aliyesafirishwa kutoka Norway au Iceland, na bado wengi humnunua kwa sababu ndiyo ada, huku wengine wakiweka mezani samaki wabichi wa siku hiyo bila kuona kwamba wamekosea.

Mpangilio wa sherehe hautofautiani sana kati ya mji mkuu wa kisiwa na kijiji chake. Siku moja kabla, shuleni, watoto hukariri mashairi, huigiza matukio ya 1821 na kuimba nyimbo za wapiganaji mbele ya wazazi. Asubuhi ya Machi 25 kuna misa ya sikukuu, na mwisho wake husomwa sala rasmi ya shukrani kwa ajili ya taifa, ambayo huhudhuriwa na meya, polisi, walinzi wa pwani, wanajeshi kama kuna kambi, na wakuu wa shule. Kutoka hapo watu hutembea hadi kwenye mnara wa mashujaa, ambako hotuba hutolewa, mashada ya maua huwekwa moja baada ya jingine kwa jina la kila taasisi, hukaliwa kimya kidogo, na wimbo wa taifa huimbwa. Kisha hufuata gwaride la wanafunzi kando ya bandari au katika barabara kuu. Mavazi ya wavulana yanayojulikana zaidi ni yale ya sketi nyeupe ya marinda mengi, vazi la wapiganaji wa bara. Lakini visiwani utawaona pia wakivaa suruali pana zilizokusanywa magotini, ambazo ndizo mabaharia wa 1821 walizovaa kweli, na nadhani hao wako karibu zaidi na historia ya mahali pao. Baada ya gwaride ngoma za kienyeji huchezwa uwanjani, na kufikia saa saba au nane mchana watu wako mezani.

Mambo mawili kati ya yale yanayoonekana katika sherehe hiyo yana asili ya baharini, ingawa hudhaniwa kuwa ya nchi nzima tangu mwanzo. La kwanza ni bendera. Wanamapinduzi waliidhinisha bendera zao mwaka 1822, na walitenganisha ile ya nchi kavu, yenye msalaba mweupe tu juu ya buluu, na ile ya majini, yenye milia tisa na msalaba pembeni. Kwa zaidi ya karne moja na nusu bendera ya milia ilikuwa hasa alama ya meli, hadi sheria ya mwaka 1978 ilipoifanya kuwa bendera pekee ya taifa. La pili ni wimbo wa taifa. Dionysios Solomos aliutunga kama shairi refu la beti 158 mwaka 1823 akiwa kwenye kisiwa cha Zakynthos, na Nikolaos Mantzaros wa kisiwa cha Corfu akautilia muziki. Wakati huo visiwa vyote viwili vilikuwa chini ya Uingereza, navyo havikuunganishwa na Ugiriki hadi mwaka 1864. Mshairi alisifu uhuru wa vita vilivyokuwa vikipiganwa ng'ambo ya bahari, kutoka kwenye ardhi ambayo yenyewe haikuwa huru, na alifariki mwaka 1857 kabla ya kuuona muungano huo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye fundo kubwa zaidi, nalo ni mpaka. Mapinduzi ya 1821 yalitegemea visiwa kuliko inavyosemwa katika hotuba za wapenda milima. Hydra, Spetses na Psara ni visiwa vikavu visivyo na mashamba ya maana, na wakazi wake walikuwa wametajirika kwa kubeba nafaka wakati wa vita vya Napoleon, wakipenya vizuizi vya baharini kwa meli zilizobeba mizinga ili kujikinga na maharamia. Meli hizo za biashara ndizo zilizogeuka kuwa jeshi la majini, na mbinu yao ya kutisha ilikuwa kujaza chombo kikuukuu vitu vya kuwaka, kukifunga kwenye meli kubwa ya adui na kukitia moto. Spetses kiliinua bendera tarehe 3 Aprili 1821, na Psara kikafuata siku chache baadaye. Psara kililipia hilo mwaka 1824, kilipovamiwa na kuteketezwa, na Kasos, kisiwa cha kusini kilichokuwa na meli nyingi kuliko mtu angetazamia, kiliharibiwa mwaka huohuo na jeshi la majini lililotoka Misri, wanaume wakauawa na wanawake na watoto wakauzwa utumwani.

Lakini mpaka uliochorwa na Uingereza, Ufaransa na Urusi mwaka 1830 haukufuata ramani ya waliopigana. Visiwa vya Cyclades, pamoja na Hydra na Spetses, viliingia katika dola mpya. Krete, Samos, Chios, Psara na Lesvos vilibaki nje. Na Kasos, pamoja na Patmo, Leros, Kalymnos, Symi na vingine vya eneo linaloitwa Dodecanese, vilirudishwa kwa Sultani. Masimulizi ya visiwani husema kwamba vilitolewa kama badala ili Ugiriki ipate Evia, kisiwa kikubwa kilicho karibu na Athens. Patmo, ambacho msomaji wa Biblia anakijua kuwa ndiko Yohana alikoandikia Ufunuo, kina uchungu wa pekee katika jambo hili, kwa sababu Emmanouil Xanthos, mmoja wa waanzilishi watatu wa Filiki Eteria, alizaliwa huko. Mtu aliyesaidia kuanzisha chama kilichopanga mapinduzi alitoka kwenye kisiwa ambacho kilisubiri matunda yake hadi 1947.

Katika karne iliyofuata kila kundi la visiwa lilipata njia yake ya kutoka. Samos kilipewa utawala wa ndani chini ya mtawala Mkristo aliyeteuliwa na Sultani, kikajitangaza kuungana na Ugiriki mwezi Novemba 1912. Ikaria kiliwafukuza maofisa wa Osmani mwezi Julai mwaka huohuo na kuishi kama dola huru kwa miezi mitano hivi, kikiwa na bendera na stempu zake, kabla ya kujiunga na Ugiriki. Lesvos na Chios vilitwaliwa na jeshi la majini la Ugiriki katika Vita vya Balkani, na Krete kikaunganishwa rasmi tarehe 1 Desemba 1913. Tarehe hizi zote huadhimishwa mahali zinapohusika, zikiwa na gwaride lake na mashada yake, na ndiyo sababu mwanafunzi wa Samos huandamana mara nyingi zaidi kwa mwaka kuliko mwenzake wa Athens.

Dodecanese ndilo kundi lililochelewa kuliko yote, na ndilo linalostahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Mwaka 1912 Italia ilikuwa ikipigana na Waosmani kuhusu Libya, na ili kuwabana iliviteka visiwa hivi. Wakazi waliwapokea Waitalia kama wakombozi wa muda, wakiamini kwamba vita vikiisha wataunganishwa na Ugiriki. Haikuwa hivyo. Mkataba wa Lausanne wa 1923 uliithibitisha Italia kuwa mmiliki, na baada ya Wafashisti kushika madaraka Roma, utawala ulianza kuwabadilisha wakazi wenyewe. Gavana Mario Lago alijenga majumba ambayo bado yanapamba bandari ya Rhodes, lakini alijaribu pia kulitenga kanisa la visiwa hivi na Patriarki wa Konstantinopoli. Huko Kalymnos mwaka 1935 jaribio hilo lilizua ghasia ambazo wanawake waliongoza kwa kuwarushia mawe askari. Mrithi wake, Cesare Maria De Vecchi, alikuwa mkali zaidi, na Kitaliano kikachukua nafasi ya Kigiriki shuleni. Katika mazingira hayo, muungano wa sikukuu mbili uliofanywa na amri ya 1838 ulipata maana ambayo waandishi wa amri ile hawakuifikiria, kwa sababu serikali ya kigeni inaweza kupiga marufuku sikukuu ya mapinduzi, lakini ni vigumu kuwazuia Wakristo wasiende kanisani siku ya Bikira Maria. Aliyetaka kukumbuka 1821 alikuwa na mahali pa kwenda. Mpaka leo makanisa ya Dodecanese yako moja kwa moja chini ya Patriarki wa Konstantinopoli, si chini ya Kanisa la Ugiriki lenye makao yake Athens.

Italia ilisalimu amri mwezi Septemba 1943, na Wajerumani wakashika visiwa kwa nguvu. Mwisho wao ulifanyika Symi kwenyewe: tarehe 8 Mei 1945, katika nyumba moja iliyo mbele ya bandari, Jenerali Otto Wagener alitia saini hati ya kusalimisha Dodecanese kwa washirika, mbele ya maofisa wa Uingereza na wa kikosi cha Ugiriki. Nyumba hiyo ina bamba la ukumbusho, na Symi huadhimisha siku hiyo kila mwaka. Wakati sehemu nyingine za Ulaya zinaikumbuka Mei 8 kama mwisho wa vita, wakazi wa hapa wanaikumbuka kama tukio la mtaani kwao. Waingereza walitawala kijeshi kwa miaka miwili. Mkataba wa amani wa Paris wa Februari 1947 uliipa Ugiriki visiwa hivyo, makabidhiano yakafanyika tarehe 31 Machi 1947, na muungano ukasherehekewa rasmi tarehe 7 Machi 1948, Mfalme Paulo akiwa Rhodes. Hii ya Machi 7 ndiyo sikukuu ya eneo zima la Dodecanese. Hutangulia Machi 25 kwa majuma mawili na nusu tu, na kwa hiyo mwezi Machi walimu wa huko hulazimika kuandaa gwaride mbili zinazofuatana, moja la mwisho wa safari na jingine la mwanzo wake, kwa mpangilio unaoenda kinyume na miaka.

Hata sikukuu ya pili ya taifa, Oktoba 28, ina sura tofauti hapa. Wagiriki wa bara hukumbuka siku hiyo ya mwaka 1940 ambapo waziri mkuu Ioannis Metaxas alikataa masharti ya Italia na vita vikaanza. Watu wa Dodecanese, kwa sheria, walikuwa upande wa yule aliyekataliwa. Waliotaka kupigana upande wa Ugiriki walikuwa wale waliokwisha kuhamia huko au kwingineko.

Si visiwa vyote vinavyolisoma 1821 kwa macho yaleyale. Syros, katikati ya Cyclades, kilikuwa na wakazi wengi Wakatoliki waliokuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, nao hawakuingia vitani. Kutokuwamo kwao ndiko kulikokifanya kisiwa kuwa kimbilio la Waorthodoksi walionusurika Chios, Psara na Kasos, ambao walijenga bandarini mji wa Ermoupoli, ukawa kitovu cha biashara cha dola mpya kwa miongo kadhaa. Wakatoliki wa Ano Syros juu ya kilima na Waorthodoksi wa chini husherehekea Machi 25 pamoja, na kwa bahati njema Wakatoliki nao wana sikukuu ya Kupashwa Habari siku hiyohiyo. Jirani yao, Tinos, kimekwenda njia nyingine kabisa: tarehe 30 Januari 1823, vita vikiwa vimepamba moto, ilichimbuliwa huko picha takatifu ya Kupashwa Habari baada ya mtawa aitwaye Pelagia kusema kwamba alioneshwa mahali ilipo. Kanisa lililojengwa juu ya mahali hapo likawa hija kuu ya Wagiriki. Kwa wengi waliopigana, ugunduzi huo ulikuwa uthibitisho kwamba Bikira Maria yuko upande wao, na Machi 25 huko Tinos, maandamano ya picha hiyo hupewa uzito kuliko gwaride lolote.

Kuna pia wale ambao hesabu ya uhuru haiwezi kuwasahau. Rhodes kilikuwa na jumuiya ya Kiyahudi ya karne nyingi, iliyozungumza Kihispania cha zamani. Mwezi Julai 1944, Wajerumani waliwakusanya Wayahudi zaidi ya 1,700 wa Rhodes na Kos, wakawapakia kwenye mashua hadi Piraeus na kutoka huko kwa treni hadi Auschwitz. Walionusurika walikuwa 150 hivi. Wengine wa jumuiya hiyo walikwisha kuondoka kabla ya vita, na wengi wao walikwenda Kongo ya Wabelgiji, hasa mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, ambako watoto wao walikua wakisikia Kiswahili sokoni. Baba wa mwanasiasa Moïse Katumbi alikuwa Myahudi wa Rhodes. Bendera ya Ugiriki ilipopandishwa mwaka 1948, mtaa wao ulikuwa karibu mtupu. Waislamu wenye asili ya Kituruki wa Rhodes na Kos walibaki, kwa sababu mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki ya mwaka 1923 hayakuvihusu visiwa vilivyokuwa chini ya Italia. Walikuwa raia wa Ugiriki kuanzia 1947, na watoto wao huandamana Machi 25 katika shule zilezile, kuadhimisha vita dhidi ya dola ambayo mababu zao walikuwa raia wake. Wanalichukuliaje jambo hilo hutegemea mtu na nyumba, na si haki kwa mwandishi wa nje kuwajibia.

Gwaride lenyewe linabishaniwa. Umbo lake la sasa, la wanafunzi wanaopiga hatua kijeshi mbele ya viongozi, linahusishwa sana na utawala wa kiimla wa Metaxas wa 1936 hadi 1941, na kila mwaka kuna Wagiriki wanaosema kwamba demokrasia ingefaa kuliacha. Katika visiwa vya mashariki hoja hiyo haipati wasikilizaji wengi. Mkataba wa Paris uliotoa Dodecanese kwa Ugiriki uliweka sharti kwamba visiwa hivyo visiwe na jeshi, Ugiriki na Uturuki hazikubaliani jinsi sharti hilo linavyopaswa kutekelezwa leo, na wakazi wanaoiona pwani ya Uturuki kutoka uwanja wa gwaride huichukulia bendera inayopita kama jambo la siasa ya sasa. Janga la korona lilipofuta magwaride ya wanafunzi mwaka 2020, na tena 2021, mwaka uleule wa kutimiza miaka 200, sherehe kubwa ilibaki Athens mbele ya wageni wachache, na visiwa vikabaki na mashada ya maua tu.

Mabishano makali zaidi yamekuwa juu ya nani abebe bendera. Kwa muda mrefu nafasi hiyo ilikuwa tuzo ya mwanafunzi mwenye alama za juu, na karibu na Thessaloniki mwaka 2000 na tena 2003 nchi nzima iligombana kwa sababu aliyestahili alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Albania. Mwaka 2017 serikali iliamua kwamba katika shule za msingi mbeba bendera apatikane kwa kura ya bahati nasibu miongoni mwa wanafunzi wa darasa la sita, na waliokuwa wakitetea alama wakalalamika kwamba juhudi imedharauliwa. Mbeba bendera huandamana na wasindikizaji watano, kwa hiyo nafasi ni sita. Katika visiwa vidogo, ambako darasa la mwisho linaweza kuwa na watoto sita au pungufu, kura na alama huleta karibu kundi lilelile la watoto, na mwalimu mkuu huwa na swali jingine kabisa la kutatua, yaani kama wanafunzi waliosalia nyuma yao wanatosha kujaza hata safu mbili.